Kura za Kapera

Mvua ya Kakamega haipigi hodi. Saa nane jua linachoma utosi, saa tisa watu wanakimbia viatu mkononi. Siku hiyo Winrose alikuwa amesimamisha hema lake jipya mbele ya duka, karibu na soko, ili wapita njia wajue kwamba biashara yake ya kukodisha hema na viti imepanda ngazi. Mvua ilipoanguka, nusu ya soko ilihamia humo. Walikuwepo wauza ndizi, vijana wa boda boda, na mwanamume mmoja mrefu aliyevaa koti la kaki na gambuti zenye matope.

"Ala! Si huyu ni yule daktari wa ng'ombe anataka kiti cha wadi huko Shianda?" kijana mmoja wa boda akapaza sauti. "Mheshimiwa! Tumenyeshewa, tuachie ya chai!"

"Mkono mtupu haulambwi, Mheshimiwa!" muuza ndizi akadakia.

Hema zima likamgeukia. Daktari huyo, jina lake Titus, akavuta mifuko yote miwili ya koti nje, mmoja baada ya mwingine. Zikaanguka glavu za mpira na noti moja ya mia.

"Hii ni nauli yangu," alisema. "Nikiwapa, nitaenda nyumbani kwa miguu. Na nikizoea kuwapa, nikishinda nitazirudisha vipi kama si kuiba dawa za ng'ombe wenu?"

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema huyu siasa haijui hata kwa jina. Winrose alishindwa kujizuia, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Dada, unanicheka?"

"Nakucheka, ndiyo! Mimi hukodishia wanasiasa wote wa hapa viti. Sijaona hata mmoja anayegeuza mfuko mbele ya watu."

"Basi nipe bei. Nataka viti thelathini Jumapili."

"Thelathini? Wesley, mpinzani wako, ameniitisha mia sita!"

"Wangu wengine watasimama."

"Na mvua ikinyesha?"

"Tutakimbia kwako tena," alisema Titus, akatabasamu.

Winrose alikuwa amevaa gauni la kitenge la kijani, nywele amezisuka na kuzifunga juu. Alijua kwamba anapendeza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alifurahi kwamba kuna mtu ameliona hilo. Alimpa namba yake ya simu. Ya biashara, alijiambia. Haya, tumwachie na uongo wake.

Simu ya kwanza ilikuwa ya viti. Ya pili ilikuwa ya kuuliza kama viti vilifika. Ya tatu haikuwa na sababu.

"Mama Hema, umekula?"

"Kwani wewe huulizanga wateja wako wote kama wamekula?"

"Wateja wangu wengi ni ng'ombe. Nao hukulanga bila kuulizwa."

"Ng'ombe ndio umenilinganisha nao leo? Woi, mapenzi ya Shianda haya!"

"Kumbe ni mapenzi?" Titus aliuliza, na Winrose akakata simu akicheka peke yake kama kichaa.

Alikuja kuyajua mambo yake kidogo kidogo. Mwakilishi wa wadi alikuwa amefariki, uchaguzi mdogo ukatangazwa, na Titus akajiuzulu kazi ya serikali, kwa kuwa sheria haikumruhusu kugombea huku analipwa mshahara. Pikipiki aliiuza, ikaishia kwa ada ya chama na mabango. Kila wiki kulikuwa na matanga, na kila matanga mshika maikrofoni alimwita mbele "awasalimu waombolezaji", maana yake atoe pesa. Alitoa mia mbili. Wesley alitoa elfu hamsini na ng'ombe. Hata ndugu zake Titus waliacha kupokea simu zake, wakiogopa ataomba mchango.

"Kwa nini usiache tu?" Winrose alimuuliza siku moja.

"Mwaka jana ng'ombe wa kata nzima walikufa, na chanjo ilikuwa imeshalipiwa. Nilijua ilikokwenda, na Wesley anajua pia. Nikiacha, nani atauliza?"

Winrose alimpenda zaidi, na akaanza kuhofia yatakayompata.

Ijumaa moja Titus alimwita kwenye hoteli moja mjini. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakauka kama kadibodi. Waliletewa ingokho na obusuma, kuku na ugali, lakini Titus hakugusa.

"Winrose, nataka tuoane."

"Ngoja nimeze kwanza!"

"Meza, kisha unijibu."

Akameza. Akakubali. Alirudi nyumbani akiimba, na jirani zake wakajua bila kuambiwa.

Kesho yake alikuwa Shianda, akisimamia hema zake kwenye matanga ya mzee mmoja. Mzee Cleophas, baba mdogo wa Titus na mwenyekiti wa kampeni yake, akapewa maikrofoni.

"Mlisema kijana wetu ni kapera!" aliunguruma. "Mlisema analala kwenye simba, kibanda cha mvulana, na kwa mila zetu wazee hawawezi kula kwenye simba. Mlisema, asiye na boma atatuchungia nini? Tulisikia! Juzi Alhamisi tulimkalisha chini tukamwambia, tafuta mke, la sivyo rudi kwa ng'ombe wako. Na jana, mabibi na mabwana, amepata!"

Watu walipiga makofi. Winrose alisimama nyuma ya hema akiwa ameshika kamba. Alhamisi wameambiana, Ijumaa akaitwa kula kuku. Aibu ilimpanda hadi masikioni, kisha hasira ikaja kuifuata. Akapiga simu papo hapo.

"Titus, nataka jibu moja. Wazee walikuambia Alhamisi utafute mke?"

Mwanamume mwingine angeruka, angekana, angeapa kwa mama yake.

"Waliniambia."

"Ndipo Ijumaa ukaja."

"Ndipo nikaja. Lakini Winrose, mpenzi, nisikilize..."

"Nimesikia ya kutosha. Kumbe mimi ni bango lako la kampeni! Wenzako wananunua kura kwa pesa, wewe kwa sababu huna, ukaamua kuzinunua na mimi!"

Akakata, na tangu hapo hakupokea simu yake tena. Alilia akikunja hema, akalia akihesabu viti, akajilaumu kwamba anamlilia mtu ambaye kosa lake ni kusema kweli.

Kampeni haikungoja machozi yake. Habari zilimfikia Wesley kwamba mchumba wa daktari ameondoka, naye akazila kama mtu aliyekuwa na njaa. Katika mkutano wake mkubwa, akiwa na suti ya buluu na kofia ya gharama, aliuliza umati, "Mtu ameshindwa kuweka mwanamke mmoja, ataweka wadi?" Watu walicheka hadi wakagonga viti. Vilikuwa viti vya Winrose. Alisikia kila neno akiwa kando ya lori lake, na yakamuuma kama ametukanwa yeye.

Jioni hiyo alimpigia.

"Titus. Nikija Jumamosi kwa mkutano wako wa mwisho, nisimame karibu nawe watu wanione, utashinda?"

"Wazee wanasema nitashinda."

"Na wewe?"

"Nafikiri hivyo pia."

"Basi niombe nije."

Winrose alitaka aombwe na alitaka asiombwe, na hakujua ni kipi alichokitaka zaidi.

"Siombi," Titus alisema hatimaye. "Ukija kwa ajili ya kura, maneno yako ya siku ile yatakuwa kweli. Nitaishi na wewe miaka yote ukijua ulikuwa bango. Kaa nyumbani, mamaa."

"Utapoteza!"

"Huenda."

Naye akapoteza. Wenye kura alizokosa wangeenea chini ya hema mbili za Winrose. Wesley alizungushwa wadi nzima juu ya gari, tarumbeta zikilia.

Winrose alimngoja Titus aje. Hakuja siku ile, wala kesho yake. Alipokuja hatimaye, asubuhi, dukani kulikuwa na wateja wawili wa harusi. Winrose akawaambia waangalie rangi za hema kwanza. Titus alikuwa amekonda, na koti la kaki lilimpwaya.

"Mzee Cleophas anasema ungesimama pale tungeshinda," alianza.

"Anasema kweli?"

"Kweli tupu."

"Unanilaumu?"

"Nani alikataa usije? Si mimi?" Alivua kofia akaishika mikononi. "Siku ile kwenye simu hukuniacha nimalize. Nilikupenda tangu uliponicheka. Lakini sina shamba kubwa, kazi nimeacha, niliogopa utakataa. Wazee waliponisukuma, nilishukuru nimesukumwa. Hilo ndilo kosa langu. Ningekuja kabla yao."

"Na leo umekuja na nini?"

"Mikono mitupu. Kazi hawatanirudishia. Nitaanza kutibu ng'ombe kivyangu, kwa miguu. Bado nitaenda kuuliza kuhusu ile chanjo, na Wesley hatapenda. Ukiolewa nami, hayo ndiyo unayoolewa nayo."

"Jana juzi ungenioa ungepata kiti. Leo ukinioa unapata nini?"

"Wewe," Titus alisema. "Hakuna mtu amenituma."

Wateja wa harusi walikuwa wameacha kuangalia rangi zamani. Winrose alijifuta macho kwa upande wa leso, akatoa simu, akampigia mama yake Mumias.

"Mama, shika ingokho moja. Nakuja na mgeni leo."

"Mgeni gani?" sauti ya mama ilisikika duka zima. "Ni ule mheshimiwa?"

Winrose alimtazama mwanamume yule na kofia yake mikononi.

"Hapana, mama. Ni Titus."