Nyuma ya Karatasi ya Kodi

Mwaka mzima ofisi ya jiji la Prince George iko wazi, ina viti na hewa safi, na hakuna anayekwenda. Ikifika siku ya mwisho ya kulipa kodi ya nyumba, tarehe mbili Julai, foleni inatoka mlangoni, inashuka ngazi, inazunguka maua mpaka kwenye maegesho ya magari. Watu wa mji ule ndivyo walivyo. Hela hawaiachii mpaka saa yake ya kufa.

Katika foleni hiyo alisimama Ardith Funk, mjane wa miaka hamsini na tisa, fundi wa kurekebisha nguo. Alivaa gauni la kitani la rangi ya limau, viatu vya kutembelea, na uso wa mtu anayekwenda kugombana. Mkononi alishika karatasi ya kodi, kaikunja imekuwa nyembamba kama kijiti.

"Bibie, ukizidi kuikaba hivyo itakata roho kabla ya kufika dirishani," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Mwanamume mrefu, shati la miraba, mikono yenye makovu madogo madogo kama aliyelelewa na paka. Aliitwa Lucien Gervais. Miaka thelathini alinoa misumeno katika kiwanda cha mbao, sasa kastaafu.

"Na wewe ni nani, wakili wa karatasi?"

"Jirani yako wa foleni. Tutakaa pamoja saa nzima, afadhali tuamkiane."

"Nyumba yangu wameipandisha thamani dola elfu thelathini," akasema Ardith. "Sijaongeza hata msumari. Leo watanieleza."

"Yangu thelathini na mbili. Mzee wangu hapo mbele, yako je?"

"Thelathini na moja," mzee akajibu bila kugeuka.

"Umeona? Wote tukipanda ngazi pamoja, nani kamzidi mwenzake kimo? Jiji huamua kwanza jumla ya hela linayotaka, yaani ukubwa wa pai, ndipo huikata. Thamani ya nyumba ni ya kupimia kipande chako tu. Ungelia kama ungepanda peke yako."

Miaka thelathini marehemu mumewe alipiga meza kila Januari barua ya tathmini ya nyumba ilipofika, naye akipiga upande wake.

"Kwa hiyo nimevaa hivi nije kugombana bure."

"Si bure," Lucien akasema. "Mimi nimekuona."

Walipofika dirishani kila mmoja aligeuza karatasi yake, akasaini nyuma. Pale nyuma mtu anatangaza kwamba nyumba hii ndiyo anayoishi, naye anakatiwa punguzo. Asiyeishi ndani hapati. Maneno ni mengi, herufi ni za sisimizi, na watu husaini bila kusoma, kama wanavyoitikia amina kanisani.

Mapenzi ya watu wazima hayana haraka, ila yana njaa. Ilianza kahawa, ikaja pai ya matunda ya porini, mara Lucien kapanda juu ya paa la Ardith anazibua mifereji.

"Nikujengee kibaraza hapa nyuma, mpenzi?"

"Mkaguzi akikiona watanipandisha peke yangu. Si umenifundisha mwenyewe?"

Akacheka mpaka akashika ngazi. Wiki ile akamchongea benchi la mti, halijachimbiwa popote.

"Hili halipimwi. Halina msingi."

"Kama aliyelitengeneza," Ardith akamchokoza.

"Mimi msingi ninao. Goti ndilo bovu."

Oktoba Lucien akahamia kwa Ardith, Mtaa wa Juniper, na mabegi mawili na mawe yake ya kunolea. Nyumba yake ya Mtaa wa Tamarack akaifunga. Akalala upande wa dirisha, akala, akakoroma. Kitu kimoja tu kilimkera Ardith. Lucien alisema "kwako." Nitafika kwako saa kumi. Kwako kuna baridi leo. Hakusema "nyumbani" hata siku moja, na Ardith, aliyekuwa na ulimi wa kumwambia kila mtu kila kitu, hilo aliona haya kuliomba. Akangoja, miezi minane.

Juni akawa anafuta meza ya jikoni. Akainua karatasi ya kodi ya Tamarack, akaona nyuma pamesainiwa.

"Lucien, wewe unaishi wapi?"

Alikuwa anapaka mkate siagi. "Swali gani hilo?"

"Hapa umetangaza unaishi Tamarack. Wino haujakauka."

"Aa, hiyo. Nimesaini tu kama kila mwaka. Ni karatasi tu."

Mwanamume anaweza kumwambia mwanamke supu haina chumvi na bado akaishi. Lakini lile neno lilikuwa baya.

"Cheti cha ndoa nacho ni karatasi tu," Ardith akasema taratibu. "Nenda ukaishi ulikotangaza. Nisikufanye mwongo mbele ya serikali."

"Ardith, usiikuze."

"Mabegi yako chini ya kitanda."

Nyumbu akikutana na nyumbu darajani, hakuna anayempisha mwenzake, watalala hapo hapo. Adhuhuri Lucien alikuwa ameondoka. Akaacha benchi.

Novemba simu ya Ardith ikalia, ni Lucien.

"Umezibua mifereji?"

"Nimezibua."

"Na jiko la kuni?"

"Linawaka."

"Haya basi."

"Haya."

Kila mmoja akabaki anasikiliza pumzi ya mwenzake. Ardith akakata wa kwanza, asije akakatiwa. Simu za namna hiyo zikaja tatu. Februari zikakoma. Naye akakaa na kiburi chake, akikipikia chai asubuhi na jioni.

Julai ikarudi, na foleni yake. Ardith alivaa lile gauni la limau, usiulize kwa nini. Kila mtu alipokohoa nyuma yake, aligeuka. Mbele yake alisimama mwanamke mfupi mwenye faili, hajui aanzie wapi.

"Samahani, dada. Mimi ni mgeni, natoka Quesnel. Kaka yangu kalazwa, moyo wake umechoka. Kanituma nimlipie, lakini hapa nyuma kaandika vitu sivielewi."

Ardith akapokea. Mwandiko aliujua kabla ya kuusoma, herufi zimechongoka kama meno ya msumeno. Pale pa kusaini pamepigwa mstari. Chini yake: *Siishi hapa. Nyumbani kwangu ni Juniper namba 418. Huku nipo kwa muda, mpaka niruhusiwe kurudi.*

"Nimemwambia, Lucien, mwaka mzima umelala mle, punguzo ni haki yako," yule dada akaendelea. "Kakataa. Anasema alishasaini uongo mara moja ukamponza. Wamjua anayekaa hiyo Juniper?"

"Namjua," Ardith akasema. "Ni mpumbavu mmoja."

Walibaki watu tisa kufika dirishani. Akatoka kwenye foleni, akashika njia ya hospitali. Baadaye ililetwa faini ya kuchelewa, ya kwanza katika maisha yake, na haikumuuma.

Lucien alikuwa amebaki mabega na macho. Aliliangalia gauni.

"Umevaa la kugombana."

"Nimekuja kukata rufaa. Mtu haandikii jiji barua ya mapenzi."

"Kwenye simu ungekata."

"Mbona hukuniambia unaumwa?"

"Ungenirudisha kwa huruma. Mimi nilitaka unirudishe kwa hasira, kama ulivyonifukuza."

Ardith akavuta kiti. "Daktari anasemaje?"

"Anasema nisinunue kalenda."

Ardith akaanza kumfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, kama anayepima nguo ya mteja.

"Basi twende."

"Kwako?"

"Sema vizuri."

Lucien akafumba macho. "Nyumbani," akasema.

Walipewa siku kumi na tisa. Mchana Lucien alikaa kwenye benchi, kajifunika blanketi katikati ya kiangazi, akanoa visu vyote vya jikoni, kisha mikasi ya Ardith ya cherehani, mpaka ikawa inakata hariri bila kuigusa. Asubuhi ya ishirini hakuamka.

Colette, yule dada yake wa Quesnel, ndiye aliyepiga simu gazetini kuweka tangazo la kifo. Katikati akafunika simu kwa kiganja.

"Wifi, wanauliza amefia wapi."

"Waambie nyumbani kwake," Ardith akasema. "Namba 418, kama wanataka kuandika."

Januari barua ya tathmini ikaja. Mara hii hakupiga meza. Aliisoma mbele na nyuma, hata yale maneno ya sisimizi. Vyumba viwili, banda la gari, kibaraza hakuna. Benchi halikutajwa. Akavaa koti, akatoka nyuma, akalifuta theluji upande wake, kisha upande wa pili.