Figo ya Shemeji

Asubuhi Dympna alichemsha chai, akapaka mkate siagi, akampeleka mumewe Mervyn hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo za Mervyn zilikuwa zimekufa. Asipopata nyingine, naye atakufa.

Fintan, kaka yake Dympna, alikuwa na figo mbili nzima. Kila Jumapili alikula mezani kwao, akasifu viazi, akaenda zake. Kwetu Ireland ya Kaskazini tumelelewa hivyo: ukila na mtu wa kanisa jingine, humuulizi mambo ya kanisa. Mervyn ni Mpresbiteri, yaani Mprotestanti; Fintan ni Mkatoliki. Mervyn alidhani Roma inakataza kutoa kiungo. Fintan alidhani shemeji yake angeona haramu kubeba kiungo cha Mkatoliki. Ukimya huu umetuzikia watu wengi. Mimi siusahau, wala siusamehe.

Dympna alichoka kunyamaza. Jumapili moja alimwalika jirani yao Bronagh, muuguzi wa wagonjwa wa figo, akamuuliza mbele ya wote ni kanisa lipi linalokataza.

"La kwenu wewe na Fintan halikatazi, la Mervyn halikatazi," Bronagh alisema. "Wakatoliki wanaita zawadi ya upendo, mradi mtoaji akubali kwa hiari, asiuze, wala asihatarishe uhai wake. Wapresbiteri wanaliacha kwa dhamiri ya mtu, na wengi wanahimiza. Hata Waorthodoksi wengi wanaruhusu. Wanachobishania zaidi ni lini hasa mtu ahesabiwe amekufa, na Fintan yu hai, anamaliza viazi."

Fintan akataka kujua kama basi makanisa yanapatana katika kila jambo. Bronagh akacheka. Akamwambia aulize habari ya kutunga mimba maabarani: Kanisa Katoliki linakataa, Waprotestanti wengi wanawakubalia wanandoa. Hapo tofauti ni ya kweli. Kwenye figo ni ya kudhania tu.

Fintan akaweka uma chini. "Mwaka mzima nakula hapa. Si mngeniuliza? Nipimeni."

"Figo yako ikiniamsha alfajiri kwenda misa, nakurudishia," Mervyn alisema, macho yamelowa.

Vipimo vikaafikiana. Upasuaji ukaenda salama kwa wote wawili.

Julai ya mwaka uliofuata, Mervyn alirudi kwenye maandamano ya Waprotestanti ya kukumbuka ushindi wao wa kale dhidi ya Wakatoliki, ngoma kubwa kifuani. Siku hiyo ukoo wa Fintan hufunga madirisha. Safari hii Fintan alisimama kando ya barabara, mstari wa mbele kabisa.

"Piga kwa nguvu, shemeji," alimwambia ngoma ilipomfikia. "Nusu ya hizo nguvu ni yangu."

Mervyn akapiga mpaka madirisha ya ukoo wa Fintan yakafunguka.