Sekela na Hatua ya Tatu

Sekela ana miaka saba. Ana magoti yenye vumbi, na ana kuku mmoja mkorofi.

Kuku huyo akishikwa, haachiwi. Anakumbatiwa, halafu ni mbio hadi bandani.

Basi siku Sekela alipopewa mpira wa kikapu, alifanya vilevile. Akaukumbatia. Akakimbia. Pata, pata, pata, pata!

Priii! Filimbi ikalia.

"Sekela, umetembea na mpira!" akasema Mwalimu Lugano.

"Sijatembea, Mwalimu. Nimekimbia!"

Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Sekela hakucheka.

Mwalimu Lugano akachuchumaa. "Ukitaka kwenda mbali, dundisha mpira. Du, du, du. Ukiukumbatia, una hatua mbili tu. Hapo urushe, au umpe mwenzako."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ni priii. Kwa kila mtu."

"Hata wakubwa?"

"Hata wakubwa," akajibu Mwalimu haraka haraka. Hakukumbuka kwamba Jumamosi inakuja.

Akamvisha Sekela filimbi nyingine shingoni. "Wiki hii hesabu hatua za wenzako. Ukizijua, Jumamosi utacheza kwenye mashindano."

Sekela alitaka sana kucheza. Alitaka kufunga kikapu kimoja tu, bila filimbi kulia.

Basi akahesabu. Akawahesabu wenzake. Akamhesabu mama na ndoo yake. Akamhesabu Mwalimu Mkuu na chupa yake ya chai.

Moja, mbili, dundisha!
Ya tatu? Priii!

Chai ikamwagika.

Jumamosi ikafika. Uwanjani likaletwa sofa, maana mgeni rasmi hakai kwenye benchi.

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Diwani. Alialikwa saa tatu. Alifika saa sita. Watu wakapiga makofi.

Akasema atasema machache. Akasema mengi. Watu wakapiga makofi.

Kisha akapewa mpira afungue mashindano. Mheshimiwa akaukumbatia juu ya tai yake. Akaanza kwenda.

Moja. Mbili. Tatu! Nne! Tano! Sekela akahesabu mpaka kumi na moja.

Mheshimiwa akarusha. Mpira ukaruka juu ya kikapu, ukatua kwenye sufuria la pilau. Pwaa! Watu wakapiga makofi.

Mwalimu Lugano alikuwa na filimbi mdomoni. Haikulia. Ghafla alikuwa na kikohozi.

"Mwalimu," akanong'ona Sekela, "ametembea."

"Shh! Yule ni mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi ana miguu mingapi?"

"Miwili."

"Basi hatua zake ni mbili."

Sekela akavuta pumzi. Akapuliza.

Priiiii!

Mwalimu Mkuu akafumba macho.

"Nani huyo?" akauliza Mheshimiwa.

"Ni mimi, Sekela. Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba."

"Umetembea na mpira. Hatua kumi na moja."

Mheshimiwa akarekebisha tai. "Tutaunda kamati. Itazichunguza hizo hatua."

"Nimeshazihesabu," akasema Sekela.

Mpishi wa pilau akacheka. Watoto wakacheka. Mwishowe Mheshimiwa naye akacheka, ila kidogo tu.

"Haya," akasema. "Niazime hiyo filimbi. Nami nikuhesabu wewe!"

Sekela akaogopa. Lakini akamvisha filimbi juu ya tai.

Mchezo ukaanza. Du, du, du! Mheshimiwa hakunywa maji. Hakushika simu. Alimwangalia Sekela tu, mashavu yamevimba, filimbi mdomoni.

Mara mpira ukamjia Sekela. Akausahau uwanja. Akaukumbatia kama kuku.

"Moja!" watoto wakaita.

"Mbili!"

Mguu wa Sekela ukanyanyuka. Ukabaki hewani. Mheshimiwa akasimama juu ya sofa.

Sekela akatazama chini. Akatazama juu. Mguu ukiwa bado hewani, akarusha!

Mpira ukazunguka. Ukazunguka tena. Chwiii! Ukaingia.

Filimbi haikulia. Mheshimiwa akashusha pumzi, fuuu.

"Hakutembea," akasema. "Nimehesabu mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Safari hii, Sekela naye akapiga.

Halafu Mheshimiwa akavua koti, akaomba mpira. Du. Du. Du. Mpira ulimpiga kiatuni mara nne. Lakini alidundisha hadi mwisho, na Mwalimu Lugano akapona kikohozi.

Jioni Sekela alioga, akala, akaambiwa aende kulala. Akauchukua mpira alioazimwa na Mwalimu.

Moja. Mbili. Akasimama katikati ya chumba.

"Mbona umesimama?" akauliza mama.

"Hatua zangu zimeisha. Sasa nadundisha."

"Thubutu! Mpira haudundishwi ndani ya nyumba."

Sekela akafikiri. Kitanda kilikuwa mbali. Macho yalikuwa mazito. Lakini kanuni ni kanuni.

Baba akacheka. Akambeba Sekela, na Sekela akaubeba mpira.

Moja. Mbili. Tatu.

"Priii," akasema Sekela, amefumba macho.

Baba akasimama palepale, mguu mmoja hewani.

Akasubiri. Akasubiri mpaka refa alipolala.