Majani ya Kubandika

Kila jioni, kahawa ikichemka na nyumba ikijaa wageni, Torun alikuwa na kazi moja: kubadilisha magazeti yaliyobana mimea ya Baba ili isioze. Mjini Uppsala kila mwanafunzi hukausha mimea wakati wa likizo, lakini baba yake, mwalimu Algot, alizidi. Majirani walisema hata mkwe angembana gazetini, mradi awe na majani.

Tangu mama yake Torun, Valborg, azikwe, Baba hakuwa akicheka. Jioni hiyo alifunua gazeti, akashika mmea wa njano wa mtoni.

"Ua hili kwa majani haya? Hakuna aliyewahi kuueleza," aliwaambia wageni. "Kesho maelezo yanakwenda kwa mchapaji. Utaitwa kwa jina la Valborg."

"Wifi yangu huyo, maua yakimkaribia alikuwa anapiga chafya," alisema Shangazi Hedda, akimimina kahawa kwenye kisahani. "Leo mmempa la kwake."

Wageni wakaangua kicheko. Baba naye akacheka.

 Majani ya mmea ule yalikuwa yamevunjikia mikononi mwa Torun alipokuwa akibadilisha magazeti. Kwa kuogopa kukaripiwa, alichukua majani ya mmea mwingine, akayabandika kwa gundi ya unga. Akinyamaza, jina la Mama litasomwa hata ng'ambo. Akisema, atakuwa kama anamzika mara ya pili.

Wageni walipoondoka, akabaki Shangazi tu, Torun alisema, "Baba, majani hayo niliyabandika mimi."

 Baba alilowesha shina kwa maji ya moto. Gundi ikalegea, jani moja likateleza, likaanguka mezani.

"Algot, acha hivyo hivyo," Shangazi alinong'ona. "Nani atajua?"

"Atakayeutafuta mtoni asiuone." Baba aliketi, uso umemshuka. "Torun, zamani kila mtaalamu aliita mmea apendavyo, mwingine kwa jina refu kama hotuba ya harusi. Mmea mmoja ukawa na majina kumi, watu hawaelewani. Ndipo wakapatana: maneno mawili ya Kilatini, na anayetangulia kuutangaza kwa maelezo ya kweli, jina alilotoa ndilo linaloshika. Nami nilikuwa nimeandika maelezo ya mmea usiokuwepo."

"Nisamehe, Baba. Nimemnyang'anya Mama jina."

"Hukumnyang'anya. Hakuwa nalo." Alikunja karatasi za mchapaji, akazitia jikoni motoni. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Tutatafuta mmea mwingine kiangazi?"

"Tutatafuta. Huenda tusipate. Lakini kilichoharibika mikononi mwako, mwanangu, kilete kikiwa kimeharibika. Nitakukaripia, yaishe. Ukikipamba, wengine watajenga juu yake, na siku kikibomoka kitawaangukia wao. Leo kimeniangukia mimi peke yangu, kwa sababu umesema mapema."