Ndoa ya Kwanza ya Elisaria

Soko la Chake Chake lilifurika watu wanaojiandaa kwa Ramadhani Skolastika alipomsikia mwanamume akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, huku akichagua majimbi. Kisiwani Pemba Wakristo ni wa kuhesabika, hivyo akageuka.

"Kaka, huo kwetu Wakatoliki tunauimba polepole."

Mwanamume akacheka. Shati lake jeupe lilikuwa na vumbi la chaki kwenye mkono. "Mimi Mlutheri, dada. Labda ndiyo maana nina haraka."

Aliitwa Elisaria, mwalimu kutoka Machame. Skolastika alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Songea. Kabla ya msimu wa karafuu walikuwa wameshapendana, naye Elisaria akimwita "Skola wangu" kwenye simu hadi wauguzi wenzake wakamtania.

Lakini Elisaria alikuwa ameshaoa. Mkewe, Ndeshi, alimwacha. Mahakama ikavunja ndoa, na kanisa lake likamruhusu kuoa tena. Padri wa Skolastika akawaeleza kwa upole kwamba kwa Wakatoliki ndoa ile ingali hai, isipokuwa mahakama ya kanisa ithibitishe kuwa tangu mwanzo haikuwa ndoa. Waanglikana wakasema ni mpaka askofu atoe kibali. Mchungaji wa Kipentekoste alikuwa tayari kuwafungisha ndoa, ila kwanza wabatizwe upya, wazamishwe majini. Bi Zulekha, mwenye nyumba wa Skolastika, akashangaa: kwao eda ikisha, hata mwanamke aliyeachwa huolewa tena, basi.

Wakarudi kwa padri, kesi ikafunguliwa. Miezi ikapita. Jioni moja Skolastika akamkuta Elisaria barazani, simu sikioni, akisema kwa sauti laini, "Ndeshi, nakusihi." Hakusubiri kusikia zaidi. Tangu siku hiyo hakupokea simu yake.

Mwisho Elisaria akamngoja kwenye geti la hospitali, asubuhi, alipotoka zamu na miguu imemvimba.

"Mahakama ya kanisa walitaka ushahidi wa Ndeshi," alisema. "Nilikuwa namwomba akubali kuhojiwa."

"Amekataa?"

"Amekubali. Mimi ndiye nimeshindwa. Waliniuliza kama siku ile kiapo nilikimaanisha. Nilikimaanisha, Skola. Nilimpenda. Siwezi kuapa kwamba haikuwa ndoa, hata kwa ajili yako."

Wivu ulimchoma Skolastika, kisha ukapoa. Alikuwa amechoka mno kuulea, na mtu aliyesimama mbele yake hakuwa mwongo.

"Basi nioe kwenu," akasema.

"Na komunyo yako? Padri hatakupa."

"Nitaikosa."

"Mpaka lini, mpenzi?"

Skolastika akampa mkoba wake abebe, wakateremka kilima.

Walifunga ndoa Machame, mwezi wa Desemba. Mama yake Skolastika hakwenda. Jumapili waliyorudi Pemba, Skolastika alikwenda misani kama kawaida, kavaa kitenge cha harusi. Watu walipoinuka kupokea komunyo, akageuza magoti pembeni awapishe. Elisaria, ambaye kwao angepokea, alikuwa amekuja kukaa naye. Benchi likabaki na wao wawili, mumewe akamshika mkono.