Ukurasa Uliompindua Babu Tiemi

Harufu ilitokea kwenye kompyuta. Huhana alidhani ni ndoo ya ndege wa baharini waliotiwa chumvi, wale ambao mumewe Tamahau huwaleta kutoka visiwani, maana mafuta yao yakichacha hata mbwa hukimbia. Akafunua ndoo. Nyama ilikuwa nzima kabisa. Aliporudi mezani, vidole vikateleza juu ya kibodi, vikatoka na utando wa kijivu wenye manyoya.

Jana yake alikuwa akitengeneza kwenye kompyuta hiyo albamu ya picha ya binti yao, Mereana, kutimiza mwaka mmoja. Mpangilio wa ukurasa alikuwa nao mmoja tu, ila wenzake wa kikundi cha albamu pale mjini Invercargill walimfundisha ujanja: zungusha mpangilio mzima, cha juu kiende chini, kisha simamisha picha moja moja, tayari umepata ukurasa mpya. Akazungusha. Picha moja ikamponyoka, ya marehemu babu yake, Tiemi. Mzee akabaki kichwa chini, na chini ya utosi wake picha ya Mereana amekaa anapondaponda keki. Huhana aliona. Uvivu tu, akaenda kulala.

Sasa mtoto hali. Kijiko kikimkaribia anageuza uso na kutapika maji ya njano. Mchana ule, mvua ikinyesha, Huhana alimkuta kitandani miguu ikiwa juu ya mto na kichwa kikining'inia, anatafuna. Akamtia kidole mdomoni akashika unywele, mweupe, akauvuta, ukaja, akavuta tena, ukazidi kuja na ute na mba na vipande vya ngozi laini kama utando wa maziwa, mpaka ukamjaa kiganjani na bado mwisho wake ulikuwa kooni mwa mwanawe.

"Usivute," Tamahau alinong'ona, amebana pua. "Huhana, usivute tena. Mwite shangazi."

Shangazi Kararaina, binti wa Tiemi, alifika na chupa ya maji ya kuombea. Mlangoni tu akasimama.

"Baba yangu yumo humu," alisema polepole. "Mmemfanya nini?"

Huhana akamwonyesha ukurasa. Shangazi akatazama.

"Kumchanganya marehemu na walio hai ukurasa mmoja ni mwiko, hayo tutaongea. Lakini umpindue, halafu umtumbukize utosi kwenye makombo? Kichwa kile hata sisi wanawe hatukukigusa, wewe umekifanya jalala!"

"Nilizungusha ukurasa tu, shangazi."

"Msimamishe. Haraka!"

Huhana akaisimamisha picha ya mzee. Ikasimama, na papo hapo picha ya Mereana ikapinduka. Mikononi mwa Tamahau mtoto akajikunja, kichwa kikamlalia mgongoni, akatoa sauti ya choo kilichoziba.

"Mtoe mtoto humo! Mwachie mzee ukurasa wake!" shangazi alipaza sauti.

Huhana akaifuta picha ya mwanawe. Shangazi akanyunyiza maji mezani, kitandani, kwenye paji la uso la Mereana, akiomba bila kupumzika. Ule unywele ukalegea, ukatoka wote, ukaanguka sakafuni pwaa. Tamahau akauchukua kwa koleo akautupa motoni. Harufu ikapungua, halafu ikaisha.

Huhana akaleta boga lililopondwa. Mereana akafungua kinywa. Akameza. Huhana akalia kwa furaha bila kujizuia, akamlisha kijiko baada ya kijiko mpaka bakuli likabaki tupu.

"Kula, mama," alisema. "Kula, roho yangu."

Mereana, ambaye bado hakuwa amejua kusema hata neno moja, akajifuta midomo kwa kiganja, akamgeukia shangazi.

"Kararaina, mwanangu," alisema kwa sauti nzito, ya kizee. "Nioshe kichwa. Bado kinanuka."