Mto Niliomshonea Mdogo Wangu

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, Mkristo, mkulima wa mpunga na mihogo hapa Mzenga. Sikuolewa. Watu wakiniuliza sababu, huwajibu kwamba nilikuwa namuuguza mama. Ni kweli, lakini ni nusu. Leo naitapika nusu ya pili, maana imenikaa tumboni miaka ishirini na miwili.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne mama alipopooza. Upande wa kulia ulikufa wote, na ulimi pia. Mkono wa kushoto ulibaki na vidole vya kuchezacheza tu, haukuweza kuinuka hata kufika kidevuni. Baba alikwisha kufariki. Tulibaki mimi na mdogo wangu, Salome.

Nani alimgeuza mama? Mimi. Nani alimwosha, akamlisha uji, akafua, akateka maji, kisha akakimbilia shambani kuwahi ndege wasimalize mpunga? Mimi... Kazi ya Salome ilikuwa kumpelekea chakula mchumba wangu Yeremia, seremala aliyetengeneza mabenchi ya kanisa. Na ni mimi niliyemtuma. Fisi nilimkabidhi bucha mwenyewe!

Mwaka haukuisha. Yeremia alimwambia mjomba wetu kwamba hawezi kungoja hadi mama afe, na kwamba moyo wake umehamia kwa Salome. Mjomba akaniita.

“Wewe una mgonjwa,” akasema. “Mahari ni ile ile, nyumba ni ile ile. Mwachie mdogo wako.”

Salome alipiga magoti, akalia, akaomba msamaha. Nikamwambia yamekwisha. Yalikuwa hata hayajaanza.

Tangu hapo usingizi ulinihama. Nilikuwa nasali, ndiyo, lakini nilikuwa namtajia Mungu majina mawili, na kijiji watakakohamia, ili asije akakosea mlango. Mwalimu wa kanisa alipokuja kutuombea, alisema Bwana anawaita wote waliochoka ili awapumzishe. Moyoni nikamjibu kwamba mimi sitaki kupumzika, nataka na wao wachoke. Akina mama wa kanisa walijitolea kunisaidia zamu za mgonjwa, nikawakatalia. Nilitaka kila mtu aone ni nani anayeteseka.

Kwetu godoro na mito ya bibi arusi hushonwa nyumbani kwao, na dada yake mkubwa ndiye hujaza sufi. Kwa hiyo mimi, niliyenyang'anywa mume, ndiye niliyepaswa kuwaandalia kitanda! Mngefanya nini, ndugu zangu?

Mimi nilikwenda vichakani nyuma ya shamba. Nilijifunga majani ya mgomba mikononi nikachuma upupu uliokauka vizuri. Nikashona mito miwili, na ndani ya kila foronya nikakung'uta zile nywele zake za kuwasha. Nilipokuwa nikishona nilicheka peke yangu. Nilitaka wajikune usiku kucha hadi ngozi itoke. Wasilale, kama mimi nisivyolala. Shangazi wa Yeremia, ambaye hakuipenda ndoa ile, alikuja kuyakagua matandiko, akabetua mdomo, akaenda zake.

Siku ya arusi tulimwacha mama ndani, tukaenda kanisani wote. Niliimba kuliko waimbaji wote. Watu walinitazama wakasema, huyu dada ana moyo wa dhahabu.

Tuliporudi jua lilikuwa limepinduka. Nikaingia kumpa mama maji...

Uso ulikuwa umevimba hadi macho hayaonekani. Shingo imejaa mabaka mekundu. Machozi yalikuwa yamelowesha masikio yote mawili, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vikikwaruza mkeka, vikikwaruza, maana havikuweza kufika usoni. Chini ya kichwa chake ulikuwapo mto mpya.

Nilipiga ukelele. Jirani yetu, Bi Mwanahawa, Mwislamu mmoja mwenye huruma sana, alikuja mbio. Akamsugua mama kwa majivu, akamwosha, akampaka mafuta ya nazi. Alipomaliza alinitazama.

“Upupu hauna miguu, mwanangu,” akasema.

Salome aliingia na gauni lake la arusi akaanguka chini. “Mimi ndiye niliyempa mto huo asubuhi,” akalia. “Nilisema nimemchukulia dada kila kitu, angalau mama alalie kitu kizuri changu.”

Hakuna aliyenishuku. Dada hawezi kumfanyia mama hivyo, walisema. Wakaukumbuka ule mdomo uliobetuliwa, na lawama yote ikamwangukia shangazi wa Yeremia. Nikanyamaza. Ule mto wa pili nikaufukia.

Jumapili iliyofuata watu walikuwa kanisani. Nikapiga magoti kando ya mama, nikamwambia yote, bila kuficha. Kisha nikalaza kichwa karibu na mkono wake, maana sikuweza kumtazama. Nikamwambia Mungu, nakuachia Salome na Yeremia, nimechoka kuwabeba moyoni.

Vile vidole vilivyoshindwa kujikuna vikaingia kwenye nywele zangu. Vikanikuna taratibu, kama enzi nilipokuwa mtoto akinitafuta chawa. Nikalala palepale sakafuni hadi watu walipotoka kanisani. Ulikuwa usingizi wangu wa kwanza wa kweli tangu Yeremia aniache. Kesho yake nilikubali zamu za akina mama, na Bi Mwanahawa akachukua ya kwake. Mama aliishi miaka minne zaidi, na hakuwahi kunigeuzia uso.

Msidhani nimekuwa malaika. Nikisikia Yeremia anaumwa mgongo bado naona utamu kidogo, kisha natubu. Lakini nawasihi, dada zangu mliochoka: kisasi ni kazi isiyo na Jumapili. Mkabidhini Mungu mzigo wote, na hasira iwemo, kabla hamjaushona ndani ya mto.

Na wewe Salome huko Magindu, kama yupo wa kukusomea haya. Kuhusu mume sikuombi radhi. Kuhusu mama, nakuomba. Shangazi wa mumeo amezeeka, na hamjasalimiana tangu siku ile. Nenda ukamwamkie. Upupu niliutia mimi.